Kabla ya kulinunua: Vitz ya cc 996 kutoka Dodoma hadi Singida, Babati na Kondoa

Gari lenyewe ni Toyota Vitz ya mwaka 2007, toleo la pili, injini ya cc 996 yenye silinda tatu, gia za CVT (otomatiki inayotumia mkanda, isiyo na hatua za gia), namba D. Mwenye nalo ni mzee jirani yetu hapa Ilazo. Amestaafu, anarudi kwao Mpwapwa, na bei aliyoanza nayo ni milioni 9 na nusu. Mimi nalitaka kwa mambo ya kila siku: kazini Mtumba na kurudi, sokoni, kanisani, na mara mojamoja kwenda kumwona Mama huko Babati.

Kila anayeuza Vitz husema gari hilo linanusa tu mafuta. Nilitaka kujua linanusa lita ngapi likiwa na watu na mizigo yangu, kwenye milima yetu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mzee alikubali nikae nalo kwa muda, niweke mafuta mwenyewe, nilirudishe likiwa safi. Nikaomba ruhusa kazini Ijumaa na Jumatatu, nikamchukua mdogo wangu wa kiume, tukapanga mzunguko: kwenda kwa Manyoni na Singida, kufika Babati kupitia Katesh, kurudi kwa Kondoa.

Kipimo kilikuwa kimoja tangu mwanzo. Unajaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, unarudisha kilometa za safari kwenye sifuri, unaendesha. Ukifika unajaza tena hivyohivyo, kisha unagawanya kilometa kwa lita zilizoingia. Geji ya mafuta isikushughulishe, inakadiria tu. Hata takwimu za Kijapani zilizoandikwa kwenye matangazo zimepimwa gari likizungusha matairi juu ya mashine ndani ya jengo, halijakutana na upepo wa Singida wala tuta la Chemba.

Alhamisi jioni, gereji, Dodoma

Nilimwomba mzee asiwashe gari kabla sijafika, kwa sababu injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Liliwaka mara moja. Fundi akaunganisha kompyuta yake, hakuna kosa lililojitokeza. Akafungua kifuniko cha oili, akaangalia maji ya rejeta, akachungulia chini.

Injini ya silinda tatu hutetema ikiwa imesimama, na hilo ni umbile lake. Lakini weka gia kwenye D, kanyaga breki, usikilize. Kama usukani na dashibodi vinatetemeka pamoja, mara nyingi mauntingi za injini, yaani raba zinazoishikilia, zimechoka. Ya hili gari, ya upande wa kulia, ilikuwa na ufa. Shokapu za nyuma nazo zilianza kuvuja mafuta. Matairi mawili ya mbele yalikuwa ya karibuni, ya nyuma yalikuwa na tarakimu 1617, maana yake yalitengenezwa wiki ya 16 ya mwaka 2017. Tarakimu hizo nne za mwisho wa msimbo zipo ubavuni mwa kila tairi, na muuzaji hawezi kuzifuta.

Jambo la kuuliza kwa msisitizo ni oili ya gia. CVT ina oili yake. Fundi akikumiminia ile ya kawaida ya gia za otomatiki kwa sababu ni ya bei nafuu, mkanda wa ndani utaanza kuteleza, na gia boksi ikifa inaondoka na pesa ya maana. Mzee alikuwa na risiti ya kubadilisha oili sahihi, ameiweka pamoja na kadi ya gari. Hapo nilianza kumwamini. Tukaangalia pia mtandaoni kama namba ya gari ina deni la faini za barabarani, halikuwa nalo.

Jambo moja zaidi kwa wenye Vitz hizi: hakuna geji ya joto la injini. Kuna taa ya bluu ambayo huwaka injini ikiwa ya baridi, kisha inazimika, na taa nyekundu inayowaka injini ikizidiwa moto. Ukiona nyekundu umeshachelewa. Kwa hiyo kila asubuhi ya safari fungua boneti, uangalie kipimo cha maji. Sisi tulifanya hivyo kila kituo.

Ijumaa: Dodoma, Bahi, Manyoni, Singida

Tulitoka saa 12 na robo asubuhi baada ya kujaza tanki. Petroli ilikuwa karibu shilingi 2,940 kwa lita. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi ukisikia inapanda, jaza Jumanne.

Mpaka Bahi barabara ni tambarare na jua liko mgongoni. Akina mama walikuwa wameshapanga kambare na mchele pembeni ya lami. Gari kwa spidi 80 lilikuwa limetulia, injini husikii. Nilitaka kuona litakavyofanya baada ya Kintinku, pale unapoliacha bonde la Bahi na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni.

Mwenye mazoea ya gia za kawaida atashtuka kidogo hapo. CVT haina hatua za gia. Ukikanyaga, injini inapiga kelele kwanza, mzunguko unapanda na kubaki palepale, ndipo spidi inafuata taratibu. Tulipanda kwa spidi 60, ikashuka mpaka 50 nyuma ya lori, tukazima kiyoyozi, ikarudi 60. Taa nyekundu haikuwaka, harufu ya kuungua haikuwepo. Injini yenyewe ina nguvu farasi 71 tu, na nguvu hizo zinapatikana mzunguko ukiwa juu, kwa hiyo kelele ile ndiyo kazi yenyewe.

Kuovateki ndiko kunakohitaji akili. Hii ni njia ya malori yanayokwenda mipakani Rusumo na Kabanga, marefu, mara nyingine matatu yamefuatana. Kwa injini ya cc 996 usianze kulipita lori kwa sababu tu umeona nafasi. Anza kukanyaga ukiwa bado nyuma, uache umbali, mzunguko ukishapanda ndipo utoke. Kama mbele kuna kona au kilima, baki ulipo. Tulibaki nyuma ya malori mara nyingi na hatukupoteza hata nusu saa kwa safari nzima.

Manyoni tulikunywa supu na chapati, shilingi 4,000 kila mmoja.

Kabla ya kufika Ikungi usukani ukaanza kuvuta, kisha nyuma kushoto kukawa na mlio wa kupiga. Msumari. Tukasogea pembeni, tukaweka matawi nyuma na pembetatu, mdogo wangu akatoa jeki na spea. Spea ya Vitz ni ile nyembamba, ya kukufikisha kwa fundi tu. Tulipoishusha jeki, spea ikalala chini kama chapati. Gerejini Dodoma fundi alikuwa ameijaza upepo wa kawaida wa tairi na kutuambia iko sawa.

Lori lililokuwa linakwenda Rusumo likasimama mbele yetu. Akashuka dereva, mtu mzima, kofia ya Simba kichwani.

"Poleni. Shida nini, dada?"

"Shikamoo. Pancha, na spea haina upepo."

"Marahaba. Ngoja niione."

Akapiga goti kwenye changarawe, akafuta vumbi kwenye spea kwa kidole gumba, akasoma maandishi polepole, akanionyesha nami nisome: 60 PSI, na pembeni yake 80 km/h. "Hii siyo kama tairi zako zingine. Hizo zinataka thelathini na kitu. Hii inataka sitini. Na usizidishe themanini, unaiona?" Akaenda kwenye lori, akarudi na mpira mrefu uliounganishwa kwenye tanki la upepo wa breki, akajaza, akapima kwa geji yake mwenyewe, akaongeza kidogo. Nilitoa pesa ya soda, akakataa. Alichosema ni kwamba tukifika Ikungi tuzibe tairi palepale, tusiende nayo spea mpaka Singida. Akapanda, akapiga honi, akaondoka.

Ikungi fundi pancha aliziba kwa shilingi 3,000. Kwa hiyo, kabla ya safari yoyote, toa spea, soma ubavuni, pima. Kwa vitz, IST, Passo na nyingi za aina hiyo ni 60.

Tuliingia Singida saa 7 mchana, miamba ile mikubwa imepangana kando ya mji kila upande. Sheli ya kwanza tulijaza: kilometa 243, lita 14.3. Ni kilometa 17 kwa lita, watu wawili, kiyoyozi zaidi ya nusu ya njia, na sehemu kubwa ni kupanda, maana Singida iko juu kuliko Dodoma. Kama shilingi 42,000. Nilifurahi waziwazi, mdogo wangu akapiga picha risiti.

Gesti karibu na Ziwa Singidani ilikuwa shilingi 25,000 na chai ya asubuhi. Jioni tukala kuku wa kienyeji, mzima, wa kuchoma. Ukifika Singida usile kuku mwingine. Nyama yake ina kazi mdomoni lakini mchuzi wake na ndimu vilitunyamazisha wote wawili.

Jumamosi: Singida, Katesh, Babati

Tulinunua dumu la lita 5 la mafuta ya alizeti kwa ajili ya Mama, tukaondoka saa 2.

Singida ina upepo, na gari lenye uzito wa kama tani moja linauhisi. Sehemu za wazi kabla ya Katesh upepo wa ubavuni ulitusukuma, na basi likikupita kwa kasi kuna msukumo mmoja wa kwenda nje halafu mwingine wa kukuvuta ndani. Shika usukani kwa mikono yote miwili, punguza mpaka 70, basi. Kwa dereva mgeni hili linatisha kuliko mlima.

Mlima Hanang unauona muda mrefu kabla ya kuufikia. Una zaidi ya mita 3,400 na umesimama peke yake. Katesh iko miguuni pake. Tulipita kimya mahali ambapo tope na mawe yalishuka Desemba 3, 2023 na kuwachukua watu wengi. Mama mmoja aliyetuuzia chai alituonyesha kwa kidole njia ambayo tope lilipita, akataja majirani zake, kisha akatuongezea maziwa bila kuulizwa na hakutaka pesa yake. Sikuandika kitu daftarini hapo.

Kutoka Katesh kwenda Endasak na Dareda barabara ni nzuri, inashuka taratibu, ng'ombe wanavuka wanapotaka na vijana wa Kibarbaig nyuma yao hawana haraka. Ukiona fimbo moja barabarani simama kabisa, kundi liko nyuma.

Vijijini ni spidi 50, na tochi zipo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Gari dogo halikusaidii kujificha.

Babati tulijaza tena. Kilometa 181 pamoja na mizunguko ya mjini, lita 9.8. Ni kilometa 18 na nusu kwa lita. Hii ndiyo namba bora ya safari nzima na ndiyo ambayo muuzaji angependa uisikie. Lakini iangalie ilivyopatikana: watu wawili, mabegi mepesi, asubuhi ya baridi bila kiyoyozi, barabara inashuka. Ukiichukua hiyo kupangia bajeti ya mwezi utaumia.

Jumapili ilikuwa kanisa, chakula na usingizi kwa Mama.

Jumatatu: Babati, Kolo, Kondoa, Dodoma

Hii ndiyo siku niliyoingojea, kwa sababu ndivyo gari linavyotumika kwetu. Mama alikuwa anakuja kukaa Dodoma, na shangazi akasema naye anakuja. Viroba viwili vya maharage vya kilo 25, mkungu wa ndizi, dumu la alizeti likarudi kwa sababu Mama hakutaka kuliacha, mabegi manne, na kuku mmoja kwenye kikapu.

Buti la Vitz ni dogo. Siti za nyuma zikilazwa unapata nafasi ya kushangaza, lakini zikiwa na watu unabaki na mahali pa viroba viwili vilivyosimamishwa, begi moja juu yake, basi. Mkungu ulikaa miguuni pa mdogo wangu mbele. Kikapu cha kuku kilipakatwa na shangazi mpaka Dodoma. Mimi nilitazama nyuma ya gari: lilikuwa limekaa chini, nafasi kati ya tairi na bodi imebaki vidole vitatu. Tuliongeza upepo matairi ya nyuma kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, sehemu ya mzigo kamili. Kibandiko hicho wengi hatukisomi.

Kutoka Babati unapanda kuelekea Bonga, halafu Bereko. Hapa Vitz ilionyesha mwisho wake. Spidi 50, kisha 40. Kiyoyozi kilizimwa tangu mwanzo. Injini ilipiga kelele kwa dakika nyingi mfululizo.

"Mwanangu, gari linalia," Mama akasema.

"Linapanda, Mama. Likifika juu litanyamaza."

"Basi usilikimbize."

Sikulikimbiza. Lilifika juu, likanyamaza, taa nyekundu haikuwaka. Ila nilijua kabisa kwamba kama hii ingekuwa safari yangu ya kila wiki na watu wanne, ningetafuta injini ya cc 1300 bila kujiuliza. Kwenye matuta shokapu zile za nyuma zilizochoka ziligonga mpaka mwisho mara kadhaa. Tulijifunza kuvuka tuta kwa upande, gurudumu moja baada ya jingine, karibu kusimama.

Barabara yenyewe ni neema. Dodoma hadi Babati ni kilometa 251 za lami, iliyozinduliwa mwaka 2018. Nakumbuka nikiwa mwanafunzi basi la njia hii likilala porini msimu wa mvua, na watu wengi walizunguka kwa Singida. Bila lami hii gari la aina hii nisingelifikiria hata kidogo.

Kolo tulisimama. Ndipo ilipo ofisi ya michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro yenyewe iko mbali na lami, njia ni ya vumbi, mchanga na mawe. Kabla ya kuingia nilisimamisha chupa ya maji ya nusu lita mbele ya bampa. Haikupita chini yake, ilianguka. Tukawaacha wazee kwenye kivuli na soda zao, tukaingia na gari likiwa jepesi, mpaka korongo la kwanza. Jiwe likakwaruza chini, sauti ambayo mwenye gari haisahau. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anatoka huko akasimama.

"Dada, geuza tu. Mbele ni mchanga halafu mawe. Wanapita wenye Noah kwa shida, wewe hapana."

Akatusaidia kugeuza, yeye mbele akionyesha kwa mkono, shilingi hakuomba. Mdogo wangu akapanda boda lake kwenda kwenye miamba baada ya kulipa kiingilio ofisini. Picha zake za watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wembamba, na nywele kubwa, ninazo kwenye simu. Mama alizitazama muda mrefu, akasema amepita Kolo tangu msichana na hakujua kama vitu hivyo vipo hapo. Ukija na gari la chini, liache Kolo, chukua boda au gari la juu. Usilazimishe.

Kondoa tulikula wali na maharage. Chemba hadi Mayamaya hakuna la kusimulia, ni nyika na joto. Kiyoyozi tulikiwasha kwa ajili ya wazee, na kwenye tambarare kilipoza vizuri, ila kila kilima unasikia kinavyonyonya nguvu. Zanka, Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, Msalato, tukaingia mjini saa 11 jioni.

Kilometa 262, lita 18.1. Kilometa 14 na nusu kwa lita. Gari lilelile, dereva yuleyule, na kila lita ilitupeleka kilometa nne pungufu kuliko Jumamosi. Mzunguko wote umekula lita 42.2 kwa kilometa 686, wastani wa kilometa 16 na kidogo kwa lita, kama shilingi 124,000 za mafuta.

Jumanne hadi Alhamisi: Ilazo na Mtumba

Mzee aliniruhusu nibaki nalo siku za kazi, na nashukuru, kwa sababu safari ndefu peke yake ingenidanganya. Asubuhi ni foleni ya kutoka mjini, mizunguko, matuta, kisha barabara ya Dar na mabasi yanayokimbilia Mji wa Serikali. Jioni ni kupitia sokoni, kuzima, kuwasha, kuzima. Injini haifikii joto lake sawasawa. Kilometa 131 zilikula lita 9.6. Ni kilometa 13.6 kwa lita, chini hata ya siku ya mzigo wa Mama.

Hiyo ndiyo namba yangu ya bajeti. Kilometa 40 kwa siku, siku 22 za kazi, ni kilometa 880 kwa mwezi. Lita 65, karibu shilingi 190,000. Daladala na boda ya asubuhi vinanigharimu kama 132,000. Gari halinipi akiba likibeba mimi peke yangu. Likibeba wenzangu wawili wa mtaa huuhuu wanaochangia mafuta, na tayari tumeshazungumza, linanilipa, na tunafika bila kusimama kwenye jua.

Wengi wameniuliza kwa nini nisichukue IST. Ni gari zuri, liko juu kidogo, na la cc 1300 lingepanda Bereko bila kulia. Lakini kwa hali ileile bei yake huku ni kubwa zaidi. Kwa anayeagiza kutoka Japani kuna na ushuru wa bidhaa: injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ule unaofuata ukubwa wa injini, ikizidi hapo mpaka 2000 ni asilimia 5, mbali na ushuru wa forodha na VAT, na mbali na tozo ya uchakavu ambayo gari la zaidi ya miaka 10 haliikwepi. Passo nayo ina injini hii hii ya cc 996, kwa hiyo spea za injini zinaingiliana na mafundi wanaijua. Na safari ya Dar, iliyokuwa sababu ya watu wa Dodoma kutaka gari kubwa, tangu 2024 tunaifanya kwa treni ya SGR. Gari la Dodoma sasa linaweza kuwa la Dodoma.

Ijumaa nilikwenda kwa mzee na daftari. Nilimwonyesha mauntingi, shokapu za nyuma, matairi mawili ya 2017 na ule mkwaruzo wa Kolo ambao ni wangu, huo sikuuhesabu kwenye punguzo.

"Binti, umelipima kuliko mimi niliyekaa nalo," akasema. Tukafunga kwa milioni 8 na laki 9, mkataba ukaandikwa mbele ya mjumbe, na kubadilisha kadi tunaanza wiki hii yeye akiwa bado hajahama. Matairi mawili mapya ya nyuma, 165/70 R14, yameshafungwa. Shokapu zinafuata mwisho wa mwezi, mauntingi pamoja nazo. Spea nimeipima tena mwenyewe leo asubuhi, iko 60.